Mti Hauendi ila kwa Nyenzo

Msomaji mpendwa, siku moja, ukijaliwa uhai, utafunga kitabu chako cha mwisho cha shule, nawe utaketi kuandika barua ya kuomba kazi. Utataja umri wako, na shule ulizosoma, na mitihani uliyofaulu. Kisha utaipeleka barua yako na kungoja. Katika kungoja huko moyo wako utauliza swali ambalo vijana wengi wameliuliza kabla yako: Je, watanitazama mimi, au watamtazama mtu aliye nyuma yangu? Swali hili si jipya. Nataka nikuchukue mpaka Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, ili tuone jinsi kijana alivyotafuta ukarani wa serikali zamani hizo, na jinsi desturi ile ilivyokuja kuondolewa.

Kwanza yafaa ujue karani alikuwa mtu wa namna gani. Zamani hizo hapakuwa na mashine ya kupigia chapa barua afisini. Kila waraka uliotoka katika afisi ya serikali uliandikwa kwa mkono, kwa kalamu iliyochongwa katika unyoya wa bata bukini, na nakala yake ikatiwa kwa mkono vile vile katika daftari kubwa. Serikali iliyokuwa na majeshi, merikebu, forodha, posta na makoloni ya mbali ilihitaji mikono mingi ya kunakili na kuhesabu. Kazi hiyo haikuleta utajiri, wala haikumpa mtu sifa. Lakini ilikuwa na mambo matatu yaliyowavuta watu: mshahara wake ulikuwa wa hakika, mwenye kiti alikuwa haondolewi kwa urahisi, na uzeeni aliweza kutumaini pensheni. Kwa kijana wa nyumba yenye jina lakini isiyo na mali, kiti cha karani kilikuwa ngome ya kumkinga na umaskini.

Basi kijana huyo alikipataje kiti hicho? Hapakuwa na tangazo la kazi lililobandikwa ukutani, wala siku ya mtihani iliyotangazwa kwa watu wote. Nafasi zilikuwa mikononi mwa mawaziri na wakuu wa idara, nao walizigawa kama mwenye shamba agawavyo matunda ya miti yake. Mbunge aliyeiunga mkono serikali alitazamia kupewa nafasi kadha wa kadha ili awape watu wa jimbo lake. Na wapiga kura, ambao siku zile walikuwa wachache, walitazamia naye asiwasahau wana wao. Kwa hiyo kijana mwenye haja hakuuliza, “Nisome nini?” Aliuliza, “Nani anamjua mkubwa?” Wazee wetu walisema ya kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za kijana wa Kiingereza zilikuwa baba mdogo aliyesoma na waziri, au rafiki wa mama aliyeolewa katika nyumba ya mkurugenzi, au bwana mkubwa ambaye babu yake kijana alimtumikia.

Akiisha kumpata mdhamini wa namna hiyo, barua iliandikwa. Barua za maombi za wakati ule zina sauti yake ya peke yake. Hazikusisitiza sana maarifa ya mwombaji. Zilieleza utumishi wa baba yake, au ujane wa mama yake, au wingi wa ndugu wanaomtegemea, kisha zikamalizia kwa unyenyekevu mwingi na ahadi ya shukrani isiyo na mwisho. Nakuomba uishike fikira ya shukrani hiyo, kwa maana tutairudia.

Usidhani ya kwamba watu hawakuona hatari yake. Mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilichunguza habari za mwanamke mmoja, Mary Anne Clarke, aliyekuwa mwandani wa Duke wa York, mwana wa mfalme na Amiri Mkuu wa jeshi. Alishtakiwa kwamba alipokea fedha za watu ili awaombee vyeo. Aibu ilikuwa kubwa, Duke akajiuzulu, na mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya kuzuia biashara ya kuuza na kununua kazi za serikali. Lakini sheria hiyo ilikataza fedha, haikukataza fadhila. Mtu aliyenunua kiti kwa dhahabu alikuwa mkosaji. Mtu aliyekipata kwa sababu shangazi yake alikunywa chai na mke wa katibu alikuwa hana kosa lo lote.

Sasa na tuwatazame watu wawili walioingia kwa mlango huo. Wa kwanza ni John Dickens, aliyezaliwa mwaka 1785. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye kiti Bungeni, John Crewe, na mama yake alikuwa msimamizi wa kazi za ndani katika nyumba hiyo hiyo. Mtoto wa watumishi hakuwa na njia nyingi za kwenda afisini. Lakini mwaka 1805 twamwona John katika afisi iliyolipa mishahara ya jeshi la majini huko London, akiwa karani. Yaaminiwa ya kwamba mkono wa jamaa ya Crewe ndio uliomfungulia mlango. John hakuwa mvivu wa kazi, naye alipanda cheo na mshahara. Lakini alikuwa mtu wa mkono wazi asiyejua kuweka akiba, na mwezi wa Februari mwaka 1824 alitiwa katika gereza la wadeni la Marshalsea. Mwanawe, Charles, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa ametolewa shuleni na kutiwa katika kiwanda cha rangi ya viatu, abandike karatasi juu ya vichupa kutwa kucha. Charles Dickens huyo ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mkuu wa hadithi. Alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu kiitwacho Little Dorrit, na ndani yake akabuni afisi moja ya serikali ambayo kazi yake yote ni kuzuia mambo yasifanyike, na jamaa moja kubwa iliyojaza watu wake katika kila kiti. Waingereza waliposoma walicheka, kwa maana waliitambua serikali yao wenyewe.

Mtu wa pili alituachia habari za kuingia kwake kwa mkono wake mwenyewe, wala hakujificha. Jina lake ni Anthony Trollope. Alizaliwa London mwaka 1815. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyeshindwa na sheria, kisha akawa mkulima aliyeshindwa na ukulima. Anthony alisoma katika shule za wana wa matajiri akiwa maskini, viatu vyake vina matope na nguo zake zimechakaa, akidharauliwa na wenzake na walimu. Mwaka 1834 madeni yalimzidi baba, jamaa yote ikakimbilia mji wa Bruges katika Ubelgiji. Huko mama yake, Frances Trollope, alimwuguza mumewe na mwanawe Henry aliyekuwa anakufa kwa kifua kikuu, na katika saa alizoweza kuiba usiku aliandika vitabu ili watu wapate kula. Kijana Anthony alikuwa Brussels, akifundisha katika shule ndogo, mambo yasiyojulikana mbele yake.

Hapo ndipo nyenzo zilipopatikana. Mama yake alikuwa na rafiki aliyeolewa na Clayton Freeling, na baba yake Clayton, Sir Francis Freeling, ndiye aliyekuwa Katibu wa Posta Kuu ya London. Neno likapita kutoka kwa rafiki hata kwa baba mkwe, na Anthony, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, akaitwa aje ashike ukarani.

Alipofika, alipelekwa mbele ya Henry Freeling, mwana mwingine wa Katibu. Akapewa gazeti la The Times na kalamu kuukuu ya unyoya, akaambiwa anakili mistari michache. Mkono ukatetemeka, wino ukadondoka, maneno mengine akayakosea herufi. Henry akamwambia ndugu yake ya kwamba kazi hiyo haifai. Clayton akamtetea kijana, akasema ana hofu tu, na aachwe aandike nyumbani kwa utulivu, alete kesho. Kisha Anthony akaulizwa kama ajua hesabu. Kwa kweli hata jedwali la kuzidisha alikuwa halijui. Akajibu kwa unyonge ya kuwa ajua kidogo. Akaambiwa ya kwamba kesho yake, mwandiko ukifaa, atapimwa na hesabu.

Usiku ule alijitahidi. Alichukua kitabu cha mwanahistoria Gibbon akanakili kurasa kadhaa kwa mwandiko mzuri kabisa, bila doa. Asubuhi akaenda na karatasi zake mkononi, moyo ukimpiga. Akapokewa, akaonyeshwa meza, akaketishwa. Hakuna aliyeuliza hesabu. Hakuna aliyezitazama karatasi zake. Mtihani ulikuwa umekwisha kabla haujaanza, maana swali la pekee lililohitaji jibu, yaani ni nani aliyemleta, lilikuwa limejibiwa zamani. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa pauni 90 kwa mwaka.

Miaka yake saba ya kwanza haikuwa ya kujivunia. Alichelewa kufika kazini; wakubwa walimwona mzembe; aliingia katika mikono ya mkopeshaji, naye mtu huyo akawa anamfuata mpaka mezani pake kumdai. Lakini mwaka 1841 alijitolea kwenda Ayalandi, mahali ambapo wengine hawakupenda kwenda, na huko akageuka mtu mwingine. Alizunguka juu ya farasi akipima njia za wachukuzi wa barua, akasikiliza mashtaka ya wananchi, akasahihisha hesabu za maposta. Mwaka 1852, kwa shauri lake, masanduku ya barua ya kusimama kandokando ya njia yalijaribiwa katika kisiwa cha Jersey, na tangu hapo yakaenea Uingereza yote. Aliitumikia Posta mpaka mwaka 1867, na kwa kuamka kabla ya mapambazuko kila siku aliandika hadithi ndefu arobaini na saba.

Najua neno utakaloniambia sasa, msomaji mwenye kufikiri. Utasema, “Kumbe desturi ile haikuwa mbaya! Kama wangempima kwa haki, Trollope angalikataliwa, na Posta ingalimkosa mtumishi hodari.” Trollope mwenyewe alisema karibu maneno hayo hayo. Mtihani ulipoletwa baadaye aliupinga kwa nguvu, akidai ya kwamba karatasi ya maswali haiwezi kupima uaminifu, wala bidii, wala moyo wa mtu. Hoja yake si ya kudharauliwa. Ni kweli ya kuwa kijana aweza kushindwa siku ya mtihani na bado akawa mtu wa maana, na wewe ukishindwa siku moja usisahau habari za kijana yule na madoa yake ya wino.

Lakini tazama kwa jicho la pili. Sisi twalijua jina la Trollope kwa sababu aliingia. Je, yuko wapi yule mwana wa seremala, aliyekuwa na mwandiko safi na aliyejua hesabu zote, lakini mama yake hakuwa na rafiki katika nyumba ya Freeling? Hakukataliwa, maana hakuitwa. Hakushindwa mtihani, maana hakuna mtihani aliopewa. Jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote, wala historia haiwezi kumtaja. Ubaya wa upendeleo hauonekani vizuri kwa kuwatazama waliomo ndani, maana miongoni mwao wamo wema na wabaya. Waonekana kwa wale walio nje, nao hawaonekani. Hii ndiyo sababu dhuluma ya namna hii hudumu miaka mingi: waliodhulumiwa hawana hata barua ya kukataliwa ya kuonyesha.

Miongoni mwa waliokuwa nje walikuwamo wanawake wote. Fikiri juu ya Frances Trollope. Mwanamke yule aliyewalisha watu wa nyumba yake kwa kalamu hangaliweza yeye mwenyewe kuketi katika kiti alichopewa mwanawe kwa ajili ya urafiki wake. Posta ilianza kuwa na makarani wanawake mwaka 1870, ilipotwaa kampuni za simu ya maandishi zilizokuwa zimewaajiri.

Tena iko ile shukrani niliyokuomba uishike. Mtu aliyepewa kazi kwa fadhila ana mabwana wawili: serikali imlipayo, na mkubwa aliyemweka. Siku mambo ya mabwana hawa wawili yanapogongana, atamtii nani? Mkono uliolishwa huona haya kumwandikia mashtaka aliyeulisha. Kwa hiyo makosa yalifunikwa na wazembe wakavumiliwa, maana kumgusa karani mmoja ilikuwa kumgusa mtukufu aliyesimama nyuma yake.

Mwaka 1853 William Gladstone, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliwaagiza watu wawili, Stafford Northcote na Charles Trevelyan, wauchunguze utumishi wa serikali. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1854, nayo ilikuwa fupi na kali. Walisema ya kwamba kazi ya serikali imekuwa kimbilio la wavivu na wasioweza kujitafutia mahali pengine. Wakashauri ya kwamba waombaji wapimwe kwa mitihani ya wazi, na wapandishwe vyeo kwa kadiri ya ustahili wao. Fikira hiyo haikuwa ngeni duniani, kwa maana Wachina walikuwa wamewapima watumishi wa dola yao kwa mitihani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata hivyo wakubwa wengi waliikataa, kwa kuwa iliwanyang’anya matunda waliyozoea kuyagawa.

Mabadiliko yalikuja polepole, kama maji yapandavyo. Mwaka 1855 iliundwa tume ya kuwapima makarani, lakini ilipima wale tu waliokwisha kupendekezwa na wakubwa. Mwaka 1870 ndipo mitihani ilipofunguliwa kwa watu katika idara nyingi, ingawa afisi ya mambo ya nchi za nje iliachwa kando. Wala tusiyasifu kupita kiasi: mitihani ya vyeo vya juu ilifuata mafunzo ya vyuo vikuu, ambako watoto wa maskini walikuwa wachache. Mlango ulifunguliwa, lakini ngazi ya kuufikia ilibaki ndefu.

Jambo hili lina uhusiano nasi pia. Waingereza walipotawala Afrika ya Mashariki hawakuchagua maafisa wao wa utawala kwa mtihani wa wazi. Afisa wa Wizara ya Makoloni aitwaye Ralph Furse, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1910 na kuendelea mpaka mwaka 1948, isipokuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliwachagua vijana wengi kwa mahojiano na kwa barua za walimu wao, akitafuta tabia na malezi ya namna aliyoipenda. Basi mabwana wengi waliokuja kutawala wilaya za Kenya walipita mlango unaofanana na ule wa zamani. Na Mwafrika wa nchi hii, hata akiwa amesoma, aliweza kupata ukarani, lakini vyeo vya juu alifungiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya rangi yake. Yeye alikuwa kama yule mwana wa seremala: hakupimwa akaonekana hafai, bali hakupimwa kabisa.

Kwa hiyo si jambo dogo kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa kuwachagua watumishi wa umma, pamoja na kuwapa nafasi wanawake kwa wanaume, watu wa makabila yote, na wenye ulemavu. Maneno hayo yamegharimu machozi ya watu wengi wasiojulikana. Lakini sheria ni kama kufuli: huuzuia mlango pale tu wenye nyumba wanapoifunga. Uingereza ilikataza kuuza kazi mwaka 1809, na upendeleo ukaendelea kwa miaka sitini zaidi, kwa sababu watu wema hawakuona dhambi katika kusaidiana.

Na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, msomaji. Haikuwa chuki iliyompa Trollope kiti, bali huruma. Rafiki alimhurumia rafiki yake mwenye mume mgonjwa na mwana anayekufa. Nani kati yetu angeweza kumlaumu? Siku moja huenda wewe ukawa ndani, umeketi mezani, na ndugu yako akaja na bahasha mkononi na machozi machoni. Wakati huo kumbuka ya kwamba yuko mwingine nje, ambaye wewe humjui, naye hana mtu wa kumlilia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nao hawakusema ni chanda cha mtoto wa nani. Mpe ndugu yako chakula, na nauli, na vitabu vya kusomea. Mfundishe hesabu usiku ili aweze kushindana mchana. Lakini kiti kile si chako hata umpe.

Ama kwa barua utakayoiandika wewe, iandike kwa mwandiko safi, na useme kweli juu ya ulijualo. Trollope alizipeleka karatasi zake nzuri, na hapakuwa na mtu aliyezitazama. Kizazi chako kina haki ya kudai ya kwamba zitazamwe.